Mistari Aliyoikata Mchungaji Thorley

Keziah, msichana wa kazi, alitoka mbio chumba cha kusomea, ndoo ikamponyoka, maji yakatapakaa. Ilikuwa asubuhi kweupe.

"Kuna mkono humo, bibi," alimnong'oneza Dorcas, mke wa mchungaji. "Umenishika kiuno. Nageuka, hakuna mtu!"

Dorcas aliingia amefura, akidhani ni mumewe. Lakini Mchungaji Thorley alikuwa mezani, mikono imejaa wino, na aproni ya Keziah haikuwa na doa la wino. Chumba kilinuka tumbaku na wigi lililolowa jasho. Nyumba ile hakuna aliyevuta tumbaku.

Mchungaji alikuwa akiitayarisha kwa uchapaji shajara ya mzee mmoja maarufu wa London, aliyekufa zamani. Mzee aliandika kila kitu kwa hatimkato: tauni, moto ulioteketeza jiji, alichokula, na wasichana wa kazi aliowabana vyumbani. Mchungaji, kama wahariri wenzake wa enzi ile, kila penye aibu alikata.

"Unakata nini hapo?" Dorcas aliuliza, akichungulia karatasi.

"Uchafu tu, mke wangu. Mzee huyu anapendwa na taifa zima."

"Na wale wasichana?"

"Wasichana gani?"

Ebo! Mtu wa Mungu huyo! Akachovya kalamu, akaendelea kukata.

Mchana, Keziah alipokuwa akimletea Dorcas supu, kofia yake iliinuka yenyewe, nywele zikaanza kufunguka, fundo baada ya fundo, polepole, kama mtu mwenye nafasi yake, harufu ya tumbaku ikajaa hadi kooni, na kando ya sikio la msichana, pasipo na mtu, mzee akacheka kicheko cha chini, cha raha, huku Keziah amefumbua kinywa na sauti haitoki.

Hasira ilimpanda Dorcas hadi macho yakaona giza. Akawakumbuka wale wasichana wa kwenye shajara, akakimbilia chumba cha kusomea, akanyakua karatasi zilizokatwa, akazisoma kwa sauti kuu.

"'Nilimkuta Tamsin akikunja mashuka. Nikafunga mlango. Alilia.'"

Kicheko kikakatika.

"Soma yote, bibi!" Keziah alilia. "Ananiachia!"

Akasoma yote, jina kwa jina, mpaka kikasikika kikohozi cha mtu aliyeumbuliwa mbele za watu, kikiyoyomea mlangoni. Harufu ikaisha.

"Umeona?" Dorcas alimwambia mumewe. "Unachokikata kwenye karatasi kinatembea. Irudishe mistari yote!"

"Nitairudisha," mchungaji alisema, jasho likimtoka. "Naapa."

Kitabu kilitoka kwa jalada la ngozi, magazeti yakakisifu. Jumapili, nje ya kanisa, Dorcas alikifungua kumtafuta Tamsin. Mahali pa mistari ile alikuta nukta tupu. Mwongo mkubwa! Na mchungaji palepale, anapeana mikono na waumini, anatabasamu.

"Mzee mcheshi kweli!" alisema mke wa daktari. "Sisi tunamsoma kila baada ya chai."

"Hata sisi," alijibu mke wa kanali. "Ila msichana wangu wa kazi kapatwa na nini sijui. Nikimtuma apanguse vitabu, anarudi analia, nywele timutimu."

Mke wa daktari aliacha kucheka.

"Na wako pia?"