Sauti Isiyo na Mwenyewe

Chiriku alimpokea baba yake mlangoni huku anacheka.

"Baba, ile ya kobe aliyekwenda kwa kinyozi imenimaliza. Mbavu zinaniuma mpaka sasa."

"Kobe gani?"

"Si ulinisimulia mchana."

Fundi alivua viatu. Mchana kutwa alikuwa kibandani, kainamia simu za watu na chuma cha kulehemu mkononi, hana nafasi hata ya kumeza mate. "Umekula?" aliuliza, kama kila siku. "Umesoma? Haya, kaoge." Mtoto akanyamaza. Hapo ndipo Fundi angeshtuka, lakini mtu aliyechoka husikia nusu.

Chiriku alikuwa binti wa miaka tisa, na jina hilo la utani alipewa na marehemu mama yake kwa ajili ya mdomo usiotulia. Walibaki wawili katika chumba cha ghorofa ya nne. Mtoto akitoka shule alikaa peke yake mpaka jua lizame, ndiyo maana alinunuliwa simu. Fundi aliifunga mwenyewe, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani mtaani. Akina mama walipanga foleni: "Fundi, nizibie mambo machafu. Watu nisiowajua wasimfikie mwanangu." Naye aliziba, kisha akatamba: "Simu niliyoifunga mimi, hata jini atapiga hodi."

Ya mwanawe ilipokea namba moja tu, ya kwake. Shida ilikuwa ule mdomo. Chiriku alipiga kila baada ya dakika tano: baba, mwalimu kasema hivi, baba, rafiki yangu kaanguka. Kazi haiendi. Basi Fundi akabuni ujanja ambao fundi tu angeubuni. Alirekodi sauti yake siku moja, umekula mama, umesoma, baba yuko kazini, usifungue mlango, akaipanga ijitume yenyewe kila saa, yeye hata hana habari kwamba imekwenda. Wateja waliposikia wakautaka ujanja huo, naye akawawekea, kila mzazi kwa sauti yake.

Wiki ile ya hadithi ya kobe, chumba kilianza kunuka lehemu ya moto, hata siku ambazo chuma kilibaki kibandani. Chiriku akawa kimya. Baba akiingia, alimkuta kaelekea ukutani, simu sikioni, anatikisa kichwa polepole kama mtu anayepewa maagizo.

"Unaongea na nani?"

"Na wewe."

Fundi aliinyakua simu. Namba ilikuwa moja, yake. Ujumbe ulikuwa uleule aliorekodi, wa sekunde nne, ila sasa ulionyesha dakika arobaini. Akaubonyeza. Pumzi. Kisha kikohozi, kile chake mwenyewe cha moshi wa lehemu.

"Imeharibika," alisema. "Kesho nitaifungua niione."

Kesho yake wateja walikuwa wengi, simu ikabaki kwa mtoto. Simu ya fundi, kama ujuavyo, ndiyo hutengenezwa mwisho.

Siku ya tatu, saa tisa mchana, alipigiwa na mshona nguo wa ghorofa ya chini. "Jirani, huyo mtoto unamwitia nini huko juu ya paa? Nakusikia unamwita, ila sikuoni."

Hakuaga wala hakufunga kibanda. Alikimbia na chuma mkononi kikiwa bado cha moto, akapanda ngazi mbili mbili huku harufu ya lehemu ikizidi kila ghorofa, akapita mlango wake ulioachwa wazi, akatokea juu penye kamba za nguo, na pale, nyuma ya shuka zilizotulia bila upepo, akamwona mwanawe kasimama peku juu ya ukingo, simu kaikumbatia kifuani, na ndani ya simu sauti yake, sauti ya Fundi mwenyewe, ikibembeleza kwa upole ambao yeye hakuwahi kuwa nao.

"Hatua moja tu, mama. Baba yuko hapa chini, mikono iko wazi. Kisha utanimalizia ile habari ya rafiki yako."

"Chiriku," aliita Fundi. "Ni mimi. Shuka."

Mtoto alitazama simu, akamtazama yeye. "Mko wawili," alinong'ona. "Jana nilimweleza baba kwa nini rafiki yangu hanisemeshi tena. Nani anajua?"

"Najua mimi," ilisema simu. "Alikuja kwetu kucheza, akakuta hakuna mtu mzima, akaogopa."

Fundi alifungua kinywa. Hakujua. Hata jina la huyo rafiki hakulijua. Angeweza kubahatisha, lakini hakuwa mtu wa kudanganya, na saa ile uongo ungemuua mtoto. Akatupa chuma, akasogea na mkono mbele, ule wenye kovu la moto kwenye dole gumba, ambalo Chiriku, alipokuwa mdogo, alikuwa akimpaka mafuta. Sauti ikaita, ikasihi, ikalia. Mtoto akaligusa kovu. Akamwangukia baba yake.

Simu ilidondoka kutoka paani mpaka chini, ikavunjika vipande, na vipande vile viliita "mama" mpaka jua lilipozama.

Mganga aliyeletwa alikuwa mama mmoja muuza mkaa, hana porojo.

"Sauti isiyo na mwenyewe ni nyumba tupu," alisema, "na nyumba tupu haikosi mpangaji. Uliijenga, ukatoka, ukaacha taa inawaka."

"Mtoe, mama yangu, asije akamrudia mwanangu."

"Nitamtoa. Ila aliingia kwa sauti yako, atatokea hukohuko. Mtoto hataisikia tena. Utasema, naye atasikia kimya."

"Mpaka lini?"

"Mimi nauza mkaa, siuzi uongo. Sijui."

Fundi alikubali. Tangu hapo hufunga kazi mtoto anapotoka shule. Huketi mkekani, Chiriku akasimulia mpaka mwisho, baba akajibu kwa kuandika kwenye daftari. Kuna siku, mtoto akiwa kampa mgongo, humwambia taratibu, "Umekula, mama?" Mtoto hageuki.

Ule ujanja aliuacha. Lakini kuwazungukia wateja awaonye, aibu ilimzuia. Kosa hilo nalo ni lake.

Mwezi uliofuata muuguzi mmoja kati ya wateja wale alikuja kibandani, akaiweka simu ya mwanawe juu ya meza. "Fundi, Mungu akubariki kwa ile kazi. Ila mwanangu ananishukuru kwa hadithi. Mimi hadithi nizitoe wapi?"

Kutoka kwenye simu ilipanda harufu ya dawa za wodini. Fundi aliweka chuma chini.

"Dada, rafiki wa mwanao ni nani?"

Muuguzi alitabasamu. Akafikiri. Tabasamu likaondoka kidogo kidogo.

"Ngoja... huwa ananiambia..."

Kioo kikawaka chenyewe mezani, na kwa sauti yake yeye muuguzi, kwa upole, kikamjibia.

"Mimi namjua."