Mapengo Mawili ya Mstari wa Tano

Inspekta Bang Yeo-jin alikuwa akinakili namba za kompyuta ya meli kwa penseli, dakika baada ya dakika. Mwili wa Mhandisi Mkuu Maeng Du-sik ulikuwa umeshaondolewa gatini. Saa nne asubuhi, siku ya majaribio, meli yake mwenyewe ilimbana kwenye ukuta wa gati mbele ya wageni.

"Afande, si tuchapishe tu?" aliuliza Sajini Cha.

"Nikichapisha nitaruka mistari."

Meli ilikuwa na vyanzo viwili vya umeme. Seli za hidrojeni zilitoa nguvu ya mwendo mmoja, bila papara. Betri ilibeba mahitaji ya ghafla, kama vile kurudisha meli nyuma ili isimame gatini. Kwa hiyo kompyuta iliamriwa isiiache betri ishuke chini ya asilimia thelathini. Asubuhi ile mtu aliandika nane. Meli ilipodai nguvu, betri ilikuwa imekauka.

"Nenosiri lililotumika ni la marehemu," alisema Cha. "Kajiua kwa uzembe. Tufunge jalada tukale."

"Namba ilibadilishwa saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro dakika nane."

"Saa hiyo yeye alikuwa wapi?"

"Saa hiyo kiwanda kizima kiko uwanjani, kinanyoosha viungo kwa muziki, na Maeng ndiye..."

Waliangalia picha za kamera. Maeng alikuwa mbele, mikono juu, akiongoza mazoezi. Nyuma yake kila mfanyakazi alisimama mahali pake pa miaka yote. Mstari wa tano ulikuwa na mapengo mawili, bega kwa bega.

"Leta picha za jana."

Jana pengo lilikuwa moja. Mwezi uliopita, moja.

Cha alimpigia simu mlinzi, akarudi taratibu. "Pengo la zamani ni la Pyo Seung-u, msaidizi wa nahodha. Alikufa miaka miwili iliyopita, meli ya kwanza ilipogonga gati. Ripoti ilimlaumu yeye. Wenzake hawajakubali mtu asimame pale."

"Na la leo?"

"La baba yake."

Pyo Gil-ho, fundi wa betri, aliketi na kofia ya kazi gotini.

"Leo hukufanya mazoezi, mzee Pyo."

"Mgongo."

"Miaka kumi na tisa haukuuma?"

Bang alimgeuzia picha. Mzee hakuangalia nafasi yake. Aliangalia ile nyingine.

"Mimi husimama kushoto kwake," alisema.

"Nenosiri ulilitoa wapi?"

"Kalibandika chini ya kibodi. Bosi mzima!"

"Kwa nini nane?"

"Nane si yangu, ni yake! Kwenye meli ya kwanza aliishusha toka thelathini, ili ionekane inakwenda mbali kwa hidrojeni kidogo. Mwanangu aliomba nguvu ya kurudi nyuma, hakupewa. Jioni Maeng akairudisha thelathini, akaandika uzembe wa msaidizi wa nahodha. Kisha akaja msibani kwangu, akala supu, akaomba aongezewe wali."

"Leo melini mlikuwa na wageni kumi na wawili."

"Walikaa nyuma, na mikanda niliwafunga mwenyewe. Anayesimama kwenye omo, mbele kabisa ya meli, ili apigwe picha ni mmoja tu."

"Unajuta?"

"Naisikitikia betri. Ilikuwa nzuri." Alivaa kofia. "Nimemrudishia namba yake. Nifungeni. Lakini jina la mwanangu bado liko kwenye ripoti ile, Afande."

"Una ushahidi wa namba hiyo?"

"Kompyuta ya meli ya kwanza iko ghalani. Hakuna aliyewahi kuisoma."

Bang hakumwahidi kitu. Alimpa maelezo yake asaini.

Alasiri Cha alileta kumbukumbu za kompyuta ile, kurasa mia mbili.

"Keshakiri, Afande. Tunatafuta nini tena?"

Bang alichonga penseli, akaanza dakika ya kwanza. Betri: asilimia hamsini na moja. Ya pili: hamsini. Alinakili hadi wafagiaji wakafika mlangoni, na hapo alikuwa dakika ya kumi na tisa.

Asilimia ishirini na tisa. Na kompyuta haikuwa imeizuia.

Aliisoma mara tatu, akapiga mstari chini yake, akaweka rula ukurasani ili kesho aanzie hapo.