Kanisa Refu kwa Ndani

Kwa nje kanisa lilikuwa na urefu wa mita kumi na nane na nusu. Kwa ndani lilikuwa na mita kumi na tisa.

Mpimaji aliziandika namba zote mbili kwenye daftari kabla hajapata muda wa kuzilinganisha. Kuta zilikuwa za mawe, unene wake zaidi ya nusu mita kila upande. Kwa ndani jengo lilipaswa kupungua, si kuzidi.

Walikuwa wametembea saa mbili kulifikia, yeye na babu yake, fundi mwashi aliyestaafu. Gari waliliacha kwenye lango la shamba la mwisho. Kutoka hapo palikuwa na majani ya kiunoni, matope, na ziwa upande wa kushoto. Maji yalikuwa yamepanda mwaka hadi mwaka, na sasa yalibakiza hatua hamsini kufika mlangoni mwa kanisa. Ofisi ilitaka vipimo kabla hayajaingia. Mwenzake wa kazi aliugua ghafla, na babu alijitolea kushika ncha ya tepu. Ujanani aliwahi kuzikarabati kuta zile.

"Magoti yataweza?" alimuuliza njiani.

"Magoti yalikataa tangu jana. Nimekuja na miguu iliyobaki, mke wangu."

"Basi nikubebe, mume wangu."

"Unibebe, watu waseme bibi yako amenirudisha kwetu?"

Mnara ulipotokea juu ya majani, utani uliisha. Babu alisimama akapangusa jasho.

"Mle ndani hatuitani," alisema. "Nikishika ncha yangu ukutani, nitavuta mara mbili. Ndipo usome. Usiniulize kitu, usiniagize kitu."

"Kwa nini?"

"Ndivyo tulivyofanya kazi. Kimya."

Aliona ni ukaidi wa mafundi wa zamani. Chuoni alifundishwa kinyume chake: uliza, subiri jibu, soma namba kwa sauti.

Nje walipima bila shida. Ndani, yeye alibaki penye mlango mkubwa na kasha la tepu. Babu alichukua ncha, akapita katikati ya mabenchi, akazunguka madhabahu, akaingia kwenye chumba kidogo cha nyuma. Chumba hakikuwa na dirisha. Giza lake lilimfunika babu mara moja, jua la saa sita mchana likiwaka nje.

Alisubiri. Tepu ilikuwa imelala sakafuni. Akatazama saa, akafikiria matope ya kurudi, na mazoea ya kazi yakamtangulia.

"Umeshika?"

Tepu haikutikisika.

"Shika hapo ukutani, usiachie mpaka nikwambie."

Tepu iliinuka sakafuni ikanyooka. Ikavutwa mara mbili. Akasoma, akaandika.

Ndipo aliposikia kikohozi nyuma yake. Babu alikuwa amesimama nje ya mlango mkubwa, anafunga mkanda wa suruali.

"Unazungumza na nani? Nimetokea mlango wa pembeni, nyuma ya madhabahu. Kibofu cha mzee hakina adabu ya kanisa."

Tepu ilikuwa bado imenyooka hewani, kutoka mikononi mwake hadi ndani ya giza. Babu aliitazama, akashusha sauti.

"Umesema neno?"

"Nimesema shika."

"Shika tu?"

"Shika, usiachie mpaka nikwambie."

Babu alifumba macho. "Mwambie, basi. Taratibu."

"Achia," alisema.

Tepu ililegea. Akashusha pumzi, kisha tepu ikaanza kwenda, bila haraka, mita ishirini, mita ishirini na tano, ikipita kwenye vidole vyake na kuingia mahali ambapo ukuta ulipaswa kuizuia, na humo ndani kulisikika mwiko ukikwaruza jiwe, na harufu ya chokaa mbichi ikatoka chumbani ikatanda kati ya mabenchi kana kwamba kuna mtu anapiga lipu wakati huohuo, katika jengo ambalo fundi wa mwisho aliondoka kabla mama wa mpimaji hajazaliwa.

"Itupe," babu alinong'ona.

"Vidole havifunguki."

"Tulikuwa mafundi sita," babu alisema, akisogea karibu naye. "Mmoja alikuwa juu, akasema nishikie ngazi. Alidhani ni mimi. Mimi nilikuwa nje nachanganya chokaa. Ngazi ilishikwa. Yeye hakushuka, na hatukumwona tena. Msimamizi alijaribu kila neno la kumrudisha. Lililomo humo haliachii, mjukuu wangu. Linabadilisha tu mkono linaoushika."

"Babu, usi..."

Tepu ilifika mwisho wake kwa mshtuko, mita hamsini zote zikiwa zimeingia kwenye chumba ambacho watu wawili wasingeweza kulala ndani yake, na viatu vyake vikaanza kuteleza sakafuni kuelekea madhabahu, polepole, benchi baada ya benchi, huku babu akitembea sambamba naye kwa magoti yake mabovu, akiuweka mkono wake wa kulia juu ya mikono ya mjukuu wake, akisema kwa sauti ileile ambayo fundi humwambia nayo msaidizi wake mwisho wa zamu:

"Mwache huyu. Nimeshika mimi."

Vidole vya mpimaji vikafunguka. Kasha likaanguka. Mwiko ukanyamaza.

Walirudi kwa njia ya ziwani bila kukimbia. Babu alitania kuhusu magoti, naye akacheka kupita kiasi. Hakuuliza kwa nini mkono ule wa kulia ulibaki umefumbwa.

Jumapili iliyofuata alikwenda kumwona. Bibi alimpokea mlangoni.

"Anakula kwa mkono wa kushoto, mke mwenzangu. Na kila asubuhi nakuta kitanda kimesogea upande wa ziwani. Nakirudisha, kinasogea. Mganga alifika hapa kizingitini, akautazama ule mkono, akaomba maji. Akaondoka hajayanywa."

Babu alikuwa ameketi kitandani. Mpimaji alipiga magoti mbele yake.

"Ni neno langu," alinong'ona. "Nirudishie mimi."

"Sijaona mume anayerudisha zawadi." Alitabasamu. "Na humu ndani, mke wangu, usiagize kitu. Hata maji."

Aliuchukua ule mkono uliofumbwa akauweka kati ya viganja vyake. Ulikuwa wa baridi, una vumbi jeupe kwenye kucha. Wakakaa hivyo. Kisha mkono ukavutwa kuelekea ukuta wa upande wa ziwani, mara mbili.