Papa Bénite na Matetemeko ya Dunia Nzima

Katika mtaa wa Mususa, mjini Butembo, asubuhi huja na ukungu na baridi. Masika huwasha makaa. Mama yake, Tamar, aliyetoka Beni kuja kumsaidia mzazi, hufua nguo ndogondogo za mtoto. Na Ananie, baba mwenye nyumba? Yeye hukaa mlangoni na simu yake, uso umekunjamana, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Leo Japon imetikisika," anasema. "Chili pia. Na Indonésie."

"Chai yako inapoa," Masika anamjibu.

Msimcheke sana. Ananie ni mtu mwema. Huuza rangi za nyumba, misumari na bawaba, na bidhaa zake hutoka Kasindi, mpakani na Uganda, kwa lori. Yeye na Masika walikaa miaka mingi bila mtoto. Watu wa kanisani waliwaombea, wakachoka, wakaanza tena kuwaombea. Halafu akazaliwa Bénite. Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Papa Bénite. Kila akiitwa hivyo hugeuka haraka, anatabasamu, hata kama anayemwita anataka tu kumwazima nyundo.

Furaha hiyo ilimtia hofu. Muda mfupi kabla Bénite hajazaliwa, ardhi ya Butembo ilitikisika kidogo. Vikombe viligongana kabatini, basi. Wengine walisahau siku ileile. Ananie hakusahau. Akaingia katika kundi moja la WhatsApp. Humo mtu asiyejulikana, anayejiita Profesa, hutuma sauti kila asubuhi. Profesa husoma matetemeko ya dunia nzima. Hutazama mwezi na nyota. Kisha husema siku hii ni nyekundu, siku ile ni kijani. Siku nyekundu, tetemeko kubwa linakuja. Siku ya kijani, lala bila wasiwasi.

Sauti hizo Ananie aliwatumia majirani wote. Mzee Kahongya, mjane wa nyumba ya pili, alizisikiliza hadi mwisho na kushukuru kwa kila moja.

Siku moja Profesa alitangaza siku nyekundu sana. Ananie akafunga turubai uani, akatandika mikeka chini yake.

"Papa Bénite, inje kuko baridi," Masika alisema. "Mutoto iko mudogo."

"Baridi haiko kitu. Nyumba njo inaua batu ikianguka."

"Mais nani alisema itaanguka leo?"

"Profesa. Hakosake."

Tamar alikuwa na neno la kusema, lakini mama mkwe hagombani na mkwewe katika nyumba yake. Alivua kitenge chake cha pili, akamfunika mjukuu. Walilala nje. Mvua nyembamba ilinyesha, na turubai likavuja upande mmoja.

Tetemeko halikuja. Kulipopambazuka, Tamar alimgusa mtoto mguu. Ulikuwa baridi. Masika akampa ziwa. Bénite hakunyonya. Alilia kwa sauti ndogo, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikowatisha. Walikimbia naye kituo cha afya.

Muuguzi Abigaïl alimpokea. Alipima joto lake, akatikisa kichwa.

"Mutoto alilala wapi?"

"Inje," Ananie alijibu, macho chini. "Chini ya bâche. Tulikuwa tunakimbia tetemeko."

"Tetemeko gani? Mi sikusikia."

"Haikukuya."

Abigaïl hakumfokea. Alimvua mtoto nguo zenye unyevu, akamvalisha kofia na nepi kavu, akamlaza kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi. Juu yao akaweka blanketi.

"Mutoto wa majuma matatu hawezi kujipatia joto ye mwenyewe," alieleza. "Joto yake iko hapa, mu mwili ya mama. Baridi inaweza kumuua, papa. Hapana muregeshe inje."

Ananie alikaa kwenye benchi la ukumbini. Hakufungua simu. Alisikia kila mlango uliofunguliwa na kila hatua ya muuguzi. Kuelekea saa sita Masika aliita kutoka ndani, "Papa Bénite! Ananyonya!" Ananie alilia mbele ya watu wote waliokuwa pale, wala hakujifuta.

Mtoto alipopona, Ananie alirudi nyumbani na hasira. Alikwenda kwa jirani yake Godelive, mwalimu wa jiografia. Katika uwanja wa shule anakofundisha mna kijumba kidogo cha matofali. Ndani yake kuna mashine ya kupima matetemeko, ambayo Godelive huikagua kila asubuhi.

"Madame Godelive, weye uko na mashini," Ananie alisema. "Juu ya nini hautuambiake siku? Mutoto yangu angelikufa bure."

"Kuja uone, Papa Bénite."

Walikwenda. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku dogo, limefungwa imara kwenye sakafu ya saruji. Kwenye kompyuta ya pembeni mstari ulikuwa unakwenda, mara umenyooka, mara unapanda na kushuka.

"Hii inasikia udongo," Godelive alisema. "Tetemeko kubwa ikipiga Japon, mawimbi yake inapita chini, inafika mupaka hapa. Siye batu hatusikie kitu. Mashini inasikia."

"Kumbe ile ya Japon inakuyaka huku!"

"Inapita tu, imechoka. Haivunje hata kikombe. Yetu inatoka hapa kwetu. Inchi yetu, kuanzia maziwa mupaka milima ya Ruwenzori, inavutika polepole. Miamba ya chini inabeba, inabeba, siku moja inavunjika. Hapo njo tunatikisika."

"Na Profesa? Juzi alisema tetemeko, na kweli ikapiga Indonésie."

Godelive alicheka, si kwa dharau.

"Kila siku dunia inatikisika fasi nyingi, makumi na makumi. Miye nikikuambia leo mu hii dunia mutoto atazaliwa, utaniita nabii?"

Ananie alitaka kubisha, lakini akacheka naye. Akauliza kuhusu mwezi. Godelive alimjibu kwamba wataalamu wanauchunguza kweli. Mwezi huvuta maji ya bahari, na huvuta hata miamba, kidogo sana. Maji mengi nyuma ya bwawa kubwa nayo yanaweza kuulemea mwamba uliokwisha kuchoka. Mambo hayo yanafanyiwa kazi kila siku katika nchi nyingi.

"Mais kusema ni siku fulani, saa fulani? Hakuna mutu anajua. Hata balio na mashini kubwa kupita hii. Mutu akikupatia tarehe, anakudanganya, ao anajidanganya."

"Sasa mashini inafaa nini?"

"Inatuonyesha wapi udongo inatikisika mara mingi, na kwa nguvu gani. Donc tunajua namna ya kujenga, na fasi ya kujiangalia. Siku hatutaijua. Nyumba, tunaweza kuitengeneza." Akazima taa ya kijumba. "Hebu twende kwako. Sijamusalimia mutoto."

Nyumbani, Masika alikuwa amejilaza chumbani na Bénite. Chumba hicho hakikuwa kimeingiwa na mgeni. Wageni hutolewa mtoto sebuleni. Tamar mwenyewe, kwa sababu ni mama mkwe, hakuvuka kizingiti chake hata mara moja. Chakula alikiweka mlangoni na kukohoa kidogo. Ndiyo adabu. Lakini Godelive alikuwa mwanamke na jirani, na Masika akamwita aingie.

Aliketi ukingoni mwa kitanda, akambeba mtoto, akamsifu pua. Kisha akainua macho.

Juu ya kitanda, ukutani, palikuwa na rafu ndefu ya mbao. Juu yake Ananie alikuwa amepanga bidhaa zake: makopo makubwa ya rangi, maboksi ya misumari, bawaba na makufuli. Wezi walishamvunjia ghala mara moja. Akaona hakuna ghala salama kama chumba ambacho mtu haingii.

"Papa Bénite," Godelive aliita polepole. "Kuja ukalale hapa."

"Mu kitanda?"

"Lala tu. Weka kichwa fasi mutoto anawekaka kichwa."

Ananie alilala chali, viatu vikining'inia nje. Akatazama juu. Kopo la rangi nyeupe lilikuwa limetokeza ukingoni, juu ya pua yake hasa. Kando yake lilikuwa jingine, na jingine. Aliyahesabu kwa kidole, moja moja.

"Masika," alisema. Hakumwita Mama Bénite, alimwita kwa jina lake, kama zamani za uchumba. "Kila asubuhi nilikuwa natafuta kifo ya mutoto wangu kule Japon. Kumbe miye mwenyewe niliipanga hapa."

"Ulipanga sababu ya kutulisha," Masika alimjibu. "Amuka, tuitoe."

Kazi ilianza palepale. Godelive alielekeza. Vitu vizito vyote vikashushwa sakafuni, sebuleni. Kitanda kikaondolewa chini ya rafu, kikahamishiwa upande wa pili, mbali na dirisha. Rafu ilibaki tupu, ingoje fundi wa kuing'oa. Kabati la vyombo likafungwa ukutani kwa vyuma na skrubu. Meza ya kazi ya Ananie, ya mbao ngumu ya libuyu, ikaingizwa chumbani karibu na kitanda.

"Meza ya nini mu chumba?" Masika aliuliza.

"Sikilizeni muzuri," Godelive alisema. "Inchi ikitikisika, kama uko karibu na mulango na inje kuko wazi, toka mbio, uende mbali na ukuta. Kama uko mbali na mulango, hapana kimbia. Matofali ingekuangukia mu njia. Ingia chini ya meza, funika kichwa, shika mguu ya meza mupaka iache. Ikiisha, zima moto, toka inje, ukae kule, sababu tetemeko ingine ndogo inaweza kufuata."

Aliwafanyisha zoezi. Masika aliingia chini ya meza na mtoto kifuani. Tamar alitoka nje mbio, akasimama katikati ya uwanja wa migomba, mikono kiunoni, akauliza kama ameshinda. Walicheka sana siku ile. Sebule ikawa mbaya kutazama. Wageni walikalia maboksi ya misumari, na Masika alilalamika kwa moyo mweupe.

Mvua zikaisha. Bénite akaanza kucheka na watu. Jumapili moja, baada ya ibada, Masika na mama yake walikuwa uani wanamenya ndizi. Profesa alikuwa ametangaza siku ya kijani, lakini Ananie hakumsikiliza. Alikuwa chumbani, anambadilisha mtoto nepi na kumwimbia pambio.

Kwanza mbwa walibweka. Kisha ardhi ikanguruma, na uwanja ukaanza kucheza.

"Kule kuko wazi, mama! Mbali na ukuta!" Masika alipiga kelele. Sufuria ilipinduka. Mabati yalilia. Ndani ya nyumba kitu kizito kilianguka, vumbi likatoka dirishani. Masika alianza kukimbilia mlangoni, na Tamar akamkamata kwa mikono miwili.

"Wacha! Bénite iko ndani!"

"Na baba yake iko ndani! Ngoja iache!"

Ilipoacha, kimya kilikuwa kikubwa. Masika aliita. Hakuna aliyejibu. Aliita tena, sauti imekatika. Ndipo wakasikia mtoto analia, kilio kinene cha mtoto mwenye afya na hasira.

Tamar ndiye aliyetangulia kuingia. Alivuka kizingiti cha chumba cha mkwewe bila kukohoa. Rafu ilikuwa imeanguka, na matofali ya juu pamoja nayo, yamerundikana pale kitanda kilipokuwa zamani. Chini ya meza ya libuyu Ananie alikuwa amepiga magoti, mweupe kwa vumbi. Mkono mmoja umeshika mguu wa meza. Mwingine umemzunguka Bénite, uchi, nepi haijafungwa.

"Mama, mupokee," Ananie alisema. "Mi siwezi kusimama bado."

Tamar alimpokea mjukuu, akampa mama yake. Kisha akarudi, akamshika mkwewe mkono, akamtoa nje kama mwanawe wa kumzaa. Walikaa uwanjani hadi jua lilipopungua. Ardhi ilitikisika tena mara kadhaa, kidogo, na majirani wakawa wanapigiana kelele za kuulizana hali. Katika mtaa wao watu kadhaa walijeruhiwa. Mzee Kahongya alikuwa na bandeji kichwani. Picha kubwa ya harusi yake, iliyotundikwa juu ya kitanda, ilikuwa imemwangukia akiwa amejilaza.

Kesho yake Ananie hakufungua duka. Alichukua nyundo na bisibisi, akapita nyumba kwa nyumba, akishusha vitu vilivyokuwa juu ya vitanda vya watu. Kwa Mzee Kahongya alifika mchana.

"Papa Bénite," mzee alisema, "weye njo ulikuwa unatutumia ile sauti. Niambie. Ingine itakuja siku gani?"

"Sijue, papa. Hakuna mutu anajua mu dunia yote. Mais kitanda yako, leo tunaisogeza. Shika huko."

Mzee hakushika. Alipapasa ubao wa kitanda upande wa ukutani.

"Tangu tuoane iko hapa. Huku njo alikuwa analala marehemu."

Ananie aliweka nyundo chini. Hakumharakisha. Walisimama wawili wao wakitazama ule upande wa ukutani, godoro lake bado limebonyea kidogo.

"Itabaki kitanda yenu, papa," alisema mwishoni. "Mi nataka tu uendelee kulala mu ndani."

Mzee Kahongya alivuta pumzi, akainama, akashika mguu wa kitanda.

"Polepole basi," alisema. "Upande yake kwanza."