Sura Aliyoichagua Muhannad

Saa tisa mchana, mlango wa duka umerudishwa nusu. Wahiba akashangaa. Mumewe Muhannad hafungagi mlango mchana; pale Tegeta watu wanaingia saa zote kuchapisha barua. Akasimama na bakuli lake la wali, akatega sikio. Ndani Muhannad ananong'ona na fundi Godlisten.

"Braza, hii sura ya zamani nzito. Inakula sana, na kuamka inachelewa."

"Nimeichoka. Nionyeshe zingine."

"Hii imejipamba, ila ina mambo mengi. Hii hapa nyepesi, haikusumbui."

"Hiyo hiyo! Ijumaa naanza nayo."

Wahiba akahisi moto kifuani. Kazaa watatu, kanenepa, kweli. Asubuhi anachelewa kuamka, kweli. Ndo achaguliwe mwenziwe kama kitenge?

Angeuliza tu, yangeisha pale pale. Wanawake wa ukoo wake hawaulizagi, wanakwenda Vingunguti. Nyuma ya machinjio kulikuwa na mganga, Sekela.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema unachotaka, na ukinyooshe. Jini wangu haulizi maswali."

"Sura aliyoichagua mume wangu, asiione tena."

"Jina lake?"

"Simjui, mwanaharamu huyo."

Sekela akamtazama kidogo. "Haya. Kashasikia."

Ijumaa Godlisten akawasha kompyuta. Duka zima likanuka udi, na chini ya udi harufu ya damu mbichi.

"Mbona nyeusi?" Muhannad akauliza.

"Nyeusi wapi, braza? Si hiyo imewaka!"

Muhannad akafikicha macho. Godlisten anaona rangi na picha, yeye anaona shimo jeusi, na ndani ya shimo kitu kinapumua.

Akarudi nyumbani mbio. "Mama Aiman, macho yangu yana nini? Tumeweka Linux kwenye kompyuta, ile programu ya bure ya kuiendesha, unachagua mwenyewe sura yake. Nimechagua, siioni!"

"Sura... ya kompyuta?" Wahiba akamsogelea. "Kwa hiyo hakuna mwanamke?"

Muhannad akacheka pamoja na hofu yake. "Mwanamke gani wewe! Mie sura niliyoichagua duniani ni moja tu, hiyo ya kwako..."

"Nyamaza, baba Aiman!" Akamrukia kumziba mdomo, lakini neno lilishatoka, na udi ukaingia dirishani bila moshi, na damu nyuma yake, na pazia likavutwa taratibu kama na mtu anayetaka kuchungulia, na kitu baridi kikampapasa Wahiba paji la uso, kikashuka puani, kikashuka midomoni, pole pole, kama kipofu anayejifunza uso wa mgeni, kikamaliza kidevuni, kikaondoka.

"Mama Aiman," Muhannad akasema, "mbona umejifunika? Toa mtandio nikuone."

Wahiba hakuwa amejifunika kitu.

Alimrudia Sekela analia. Sekela akamnong'oneza kwamba jini kamaliza kazi, kaenda zake, haitwi mara mbili.

Muhannad hakuoa mke wa pili, na anampenda mkewe vile vile. Ila mtu huzungumza akitazama sura. Kwa hiyo jioni, wakikaa uani, anamwambia Wahiba maneno yake yote matamu huku macho kayaweka kwa Felicitas, mpangaji wao, anayechambua mchicha mlangoni kwake.