Swichi Chini ya Utepe Mweusi

Siku ya soko mjini Ngara, duka la Keza la kutengeneza kompyuta halikuwa na pa kukanyaga. Mwalimu kijana, Wiston, shati jeupe limenyooka kama la harusi, alipenya hadi mezani na kompyuta yake kifuani.

"Dada, wifi imenigomea. Nimejaribu kila kitu."

"Isipokuwa kutazama ubavuni!" Keza alicheka, akasukuma swichi ndogo. "Kompyuta yako inatumia mfumo wa Linux, na wifi yake ina kufuli mbili, mwalimu. Moja unaifungua kwa amri. Hii ni ya kidole. Ikizimwa, andika amri mpaka uchoke, redio haiwaki."

"Na moyo wako una kufuli ngapi?"

"Hebu toka hapa!" Lakini alikuwa ameshapenda.

Wakapendana haswa. Kisha Wiston akapangiwa shule ya ndani kabisa Biharamulo, ambako simu hazishiki na mtandao ni wa wifi ya shule tu. Asubuhi ya safari, Keza, kajifunga kitenge cha njano, aliizima ile swichi ya kompyuta ya Wiston pale stendi ili betri isiishe njiani, akaibandika utepe mweusi isijisogeze. Kondakta akafoka, wakakumbatiana wakilia, na Keza akasahau kumwambia habari ya swichi.

Keza alimwandikia ujumbe mtandaoni kila jioni. Kimya. Akabembeleza, akatukana, mwishowe akaandika: "Mpenzi, kuna kijana anaitwa Minani, watu wake wamekuja kuniposa. Sema neno nikatae."

Neno halikuja. Kwa hasira akakubali. Baba yake akainywa pombe ya ndizi ya posa, na ikishanyweka binti ameshatolewa, na Jumapili padri akayasoma matangazo ya ndoa.

Shule zilipofungwa, Wiston akaingia dukani, amekonda, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mpenzi, wifi ilikufa tangu nifike. Amri zote nimeandika."

"Na swichi?"

"Si uliiwasha wewe siku ile hapa dukani? Nilidhani utepe unailinda isizimike. Sikuthubutu kuubandua. Nilikuwa naugusa nikikukumbuka."

Keza akaivuta kompyuta. Akaubandua utepe kwa ukucha, akasukuma swichi. Ujumbe wake mwenyewe ukamiminika kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine. Wiston akasoma hadi ule wa Minani.

"Nakataa," akasema. "Uliniambia niseme neno. Nakataa, Keza."

"Baba ameshakunywa pombe yao, mpenzi wangu. Imeshanyweka."

Wiston akaikumbatia kompyuta yake, akatoka bila kuaga. Keza akamfuata hadi mlangoni, akaishia hapo. Utepe ulikuwa bado umemnata kidoleni, na alijichukia.