Ubeti Ambao Radi Hakuurekodi

Alhamisi jioni, kabla taa za barabarani hazijawaka, dada yake Radi alitoka kununua mkate, akapitiliza moja kwa moja hadi studio.

Ilikuwa chumba cha nyuma ya duka la matairi, kuta zimebandikwa magodoro ya kuzuia kelele. Hapo ndipo alipokuwa akiirekodi bendi ya hevi metali ya mdogo wake. Radi ndiye aliyekuwa mwimbaji. Homa ya siku tatu tu, na sasa zilishapita siku kumi na tisa tangu wamzike.

Dada mtu hakulia. Majirani walimsifu kuwa ana moyo mgumu. Wapi! Ilikuwa ganzi, ile ya kung'olewa jino, ila hii ilimshika mwili mzima.

Singo yao, wimbo mmoja peke yake, ilipaswa kutoka kesho yake. Radi aliacha beti mbili. Ubeti wa tatu hakuwahi kuuimba. Walikubaliana magitaa yaizibe nafasi hiyo.

Aliwasha kompyuta. Nyundo, mpiga ngoma wa bendi, alikuwa amekaa juu ya kreti, anatafuna kucha.

"Nani amerekodi hapa?" dada aliuliza.

"Wapi?"

Alimwonyesha. Kwenye skrini, chini ya mistari ya magitaa, palikuwa na mstari mpya wa sauti.

"Funguo unazo wewe peke yako," Nyundo alisema.

Dada akavaa hedifoni.

Pumzi kwanza... nzito, za karibu mno. Kisha ubeti wa tatu, mzima, kwa sauti ya Radi ile ya kukwaruza, kama mtu anayetapika changarawe. Mwishoni kabisa ikashuka, ikanong'ona. Ikamwita kwa jina lake la utotoni.

Chumba kilinuka udongo mbichi.

Nyundo naye akasikiliza. Alipovua hedifoni midomo ilikuwa imemkauka.

"Imeniita."

"Imeniita mimi," dada alimsahihisha.

"Nakwambia imenitaja mimi! Futa, dada. Tafadhali futa."

Hakufuta. Alipunguza mvumo, akapandisha sauti kidogo ili ubeti usimezwe na ngoma. Mikono ilijua kazi yake. Alipomaliza Nyundo alishaondoka, bila kuaga.

Ijumaa wimbo ukatoka.

Hadi Jumamosi mchana ulishasikilizwa na watu wengi kuliko nyimbo zao zote za nyuma. Maoni yalimiminika. *Moto wa kuotea mbali!* Halafu mmoja: *Jamani, huyu mwishoni kanitaja jina?* Mwingine: *Hata mimi.* Mwingine: *Nimemwitikia, ha ha.*

Huyo wa mwisho hakuandika tena.

Jumapili alasiri mama yake aliomba hedifoni. Mama huyu miaka yote aliuita muziki ule bati linalong'olewa. Leo alisikiliza hadi mwisho, macho ameyafumba.

"Umesikia nini?" binti alimuuliza.

"Mama."

Akavua hedifoni, akajifunga mtandio.

"Nipeleke huko mlikorekodia."

Wakakaa bega kwa bega mbele ya kioo kilichotenga chumba kidogo cha kuimbia. Upande wa pili, katika chumba kitupu, maiki ilisimama peke yake. Binti akabonyeza kurekodi.

Kimya.

Kisha mstari kwenye kompyuta ukatetema.

"Mama..."

Vidole vya mama vikamkamata kiwiko.

"Si yeye," mama alinong'ona.

"Ni sauti yake, mama."

"Sauti ni yake. Ila mwanangu tangu ajue kusema hajaniita mama hata siku moja. Aliniita Dada, kama alivyosikia wadogo zangu wakiniita. Nyumba nzima tulimcheka, hakuacha."

"Basi huyo ni nani?"

"Sijui. Akikuita usiitike. Unanisikia? Usiitike."

Harufu ya udongo ikapanda. Pumzi zikasogea... zikasogea... hadi zikawa upande huu wa kioo.

Sauti ikamwita binti. Jina la utotoni, kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Akajitafuta ndani apate hofu. Hakuikuta. Akatafuta huzuni, walau chozi moja la mdogo wake. Hakuna. Alikuwa kama nyumba iliyohamwa, milango wazi.

"Abee," akasema.

Mstari ukatulia. Harufu ikaisha. Maiki ilisimama vilevile, na hapakuwa na mtu.

"Twende zetu nyumbani, mama," alisema.

Mama yake alimtazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akauachia mkono wake taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu aliyegundua kwamba ameshika mkono wa mgeni.